Hudhurungi na Weusi-na-Weupe katika Picha za Mandhari

Neno letu "mandhari" tumelipokea kutoka Kiarabu, na shina lake ni kutazama. Milima ilikuwapo kabla ya mtu kuitazama, lakini haikuwa mandhari mpaka alipotokea mtazamaji akachagua pa kusimama. Nayasema haya mapema kwa sababu wapo wanaodhani kuwa mpiga picha huamua mambo yake yote pale kidole chake kinapobonyeza kamera, na kwamba yanayofuata baadaye, mezani mbele ya kompyuta au katika kioo cha simu, ni mapambo tu, kama udi unaofukizwa nguo iliyokwisha kushonwa. Dhana hiyo haisimami. Mtu anayeziondoa rangi zote katika picha ya mlima, au anayeigeuza picha nzima kuwa ya hudhurungi, anatoa hukumu juu ya kile alichokiona, na hukumu hiyo yastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki bahari na vina alivyovichagua mshairi.

Katika makala haya nitashughulika na chaguo moja: kati ya weusi-na-weupe na ile hudhurungi ambayo wapiga picha huiita sepia. Programu za siku hizi za kuhariri picha zimeviweka viwili hivi pamoja, kitufe kando ya kitufe, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Mhariri hujaribu hiki, akajaribu kile, kisha akabaki na kinachompendeza. Rai yangu ni kuwa undugu huo haupo. Weusi-na-weupe ni kauli juu ya nuru. Hudhurungi, kwa namna inavyotumika leo, ni kauli juu ya wakati. Kauli ya kwanza mtazamaji aweza kuipima kwa macho yake ndani ya picha ile ile. Kauli ya pili hana njia ya kuipima ila amwamini aliyeitoa, au atafute dalili zinazomsaliti.

Natuanze na nuru. Yafaa tukumbuke kuwa kuondoa rangi si kazi ya namna moja. Picha ya kompyuta imejengwa kwa rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila nukta ya picha ina kiwango chake cha kila moja, tangu 0 hadi 255. Kuigeuza kuwa ya kijivu ni kuuliza: katika kijivu hiki, nyekundu iwe na uzito gani, kijani kiwe na uzito gani, na buluu je? Kanuni moja ya zamani iliyotokana na televisheni hutoa sehemu 0.299 kwa nyekundu, 0.587 kwa kijani na 0.114 kwa buluu, kwa kuwa jicho la mwanadamu huona kijani kuwa na mwangaza mwingi kuliko buluu. Hiyo ndiyo kanuni ambayo programu nyingi huifuata mhariri asipotamka neno. Lakini mhariri anayo haki ya kutamka, na hapo ndipo kazi yake inapoanza.

Chukua picha ya nchi ya Ugogo baada ya mvua za kwanza. Ardhi ni nyekundu, majani mapya ni ya kijani kibichi, mbuyu umesimama katikati na mbingu ni buluu yenye mawingu machache. Kwa jicho, tofauti ya ardhi na majani ni kubwa mno. Mtu haihitaji kuelezwa. Lakini ziondoe rangi kwa kanuni ile ya kawaida, na yamkini ardhi na majani vyote vitaangukia kijivu kimoja, na ile habari nzuri ya mvua, ambayo ndiyo iliyomfanya mpiga picha asimame, itakuwa imepotea. Sasa ongeza uzito wa nyekundu: ardhi inang'aa, majani yanaingia gizani, mbingu inakuwa nzito kama ya tufani. Ongeza kijani: majani yanainuka kutoka ardhini kama taa ndogo ndogo. Ongeza buluu: mbingu inapauka, na vumbi na ukungu wa mbali vinazidi, hata vilima vya nyuma vinakaribia kutoweka. Picha hizi tatu zimetoka katika picha moja, na kila moja yasema neno tofauti juu ya siku ile. Ya kwanza ni picha ya ardhi, ya pili ni picha ya mvua, ya tatu ni picha ya umbali. Mtu aliyeziona zote tatu na kuchagua moja amefanya uhakiki. Mtu aliyebonyeza kitufe kimoja akaondoka hajafanya kitu, ingawa picha yake yaweza kusifiwa.

Mfano maarufu wa jambo hili ulitokea kabla ya kompyuta. Tarehe 10 Aprili 1927, katika bonde la Yosemite huko Marekani, kijana Ansel Adams alipanda mpaka mahali panapoutazama ukuta mkubwa wa mwamba uitwao Half Dome. Alikuwa amebakiwa na vioo viwili tu vya kupigia picha. Kioo cha kwanza alikitumia pamoja na chujio la manjano, kama ilivyokuwa desturi. Kisha akatambua kuwa picha itakayotoka haitafanana na alivyouhisi ukuta ule. Mbingu itakuwa ya kijivu cha kawaida, na mwamba utakuwa mwamba tu. Kwa kioo cha mwisho akaweka chujio jekundu zito. Chujio jekundu huzuia nuru ya buluu, na kwa hiyo mbingu ikatoka karibu nyeusi, na ukuta wa mwamba ukasimama mbele yake na theluji chini yake ikiwaka. Mbingu ya siku ile haikuwa nyeusi, na Adams hakudai kuwa ilikuwa hivyo. Lakini angalia: kila mwenye kuitazama picha anajua mara moja kuwa mbingu ya mchana haiwi nyeusi hivyo, na kwa kujua hivyo anaelewa kuwa anaambiwa jambo juu ya uzito wa mwamba. Chumvi imetiwa waziwazi, na msikilizaji mwenyewe anaionja.

Hivyo ndivyo ninavyokusudia ninaposema kuwa kauli ya weusi-na-weupe hupimika. Hakuna aliyedanganywa.

Sasa tuje kwenye hudhurungi, na hapa sina budi kukaa zaidi, kwa maana hapa ndipo mkanganyiko ulipo. Jina sepia ni la Kiyunani, nalo ni jina la dome, yule ndugu wa ngisi ambaye wavuvi wetu wa pwani wanamjua vizuri. Wino wake wa hudhurungi ulitumiwa na waandishi na wachoraji wa Ulaya, na jina la mnyama likawa jina la rangi. Katika picha za kamera, walakini, hapakuwa na wino wa dome. Picha ya zamani ya karatasi imefanywa kwa chembe za madini ya fedha. Ili kuitia hudhurungi, fundi aliizamisha kwanza katika dawa ya kuipausha mpaka picha ikakaribia kutoweka, kisha akaitia katika dawa ya salfaidi yenye harufu ya mayai yaliyooza, na picha ikarudi taratibu ikiwa na rangi mpya. Fedha ilikuwa imegeuka salfaidi ya fedha. Na sababu moja kubwa ya kufanya hivyo haikuwa uzuri. Salfaidi ya fedha hustahimili hewa chafu na miaka mingi kuliko fedha yenyewe. Hudhurungi ilikuwa dawa ya kuhifadhi, kama chumvi kwenye papa.

Zaidi ya hayo, fundi wa chumba cha giza alikuwa na uchaguzi ambao kitufe cha leo hakina. Dawa ya kupausha hushika kwanza sehemu zenye mwangaza, kisha za kati, na vivuli vizito huwa vya mwisho. Fundi mwenye subira aliweza kuitoa picha kabla dawa haijamaliza kazi, na hivyo mawingu na mchanga vikawa vya hudhurungi na vivuli vikabaki vyeusi baridi. Alikuwa akiamua, sehemu kwa sehemu, kama mpigaji chapa anayechagua herufi.

Wala si kweli kuwa kila picha kuukuu ya hudhurungi ilitiwa dawa hiyo. Sehemu kubwa ya picha za karne ya 19 zilizotufikia, pamoja na nyingi zilizopigwa Unguja na watu kama A. C. Gomes, ni za zama za karatasi iliyopakwa ute wa yai. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1850 na Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard, ikatawala kwa miaka ipatayo arobaini. Picha za karatasi hiyo zilitoka na rangi ya hudhurungi au zambarau tangu mwanzo, kisha kwa joto, unyevu na mwanga zikageuka manjano na kupauka. Kwa hiyo ile rangi ambayo mtu wa leo huiona na kusema moyoni "hii ni ya zamani" ni mchanganyiko wa vitu vitatu: kemia ya karatasi, dawa ya kuhifadhi, na uchakavu. Kitufe cha sepia huiga vyote vitatu kwa pamoja bila ya kuwa na hata kimoja. Hakihifadhi chochote. Hakina karatasi. Na uchakavu wake ni wa dakika moja.

Nitaongeza hoja ya hesabu, kwa ajili ya wanafunzi ambao hupenda kuambiwa kuwa haya ni mambo ya ladha tu. Kanuni ya sepia inayotumiwa sana katika programu na katika kurasa za intaneti huchukua rangi tatu za kila nukta na kuzikokotoa upya. Nyekundu mpya hupatikana kwa kujumlisha sehemu 0.393 ya nyekundu ya zamani, 0.769 ya kijani na 0.189 ya buluu. Jumlisha namba hizo: ni 1.351. Za kijani kipya jumla yake ni 1.203, na za buluu mpya ni 0.937. Maana yake ni nini? Nukta ya kijivu yenye kiwango cha 189 tayari nyekundu yake imefika 255, ambako ndiko mwisho. Na ikifika 212, kijani nacho kimegonga dari. Kutoka hapo hadi weupe kamili, ni buluu peke yake inayoendelea kupanda, nayo ndiyo rangi ambayo jicho letu huihesabu kidogo kuliko zote. Kwa hiyo kila tofauti nyembamba iliyomo katika sehemu zenye mwangaza mwingi, kunjo za mawingu, povu la mawimbi, barafu, hubanwa mpaka ikaribie kufutika. Mhariri hakuulizwa. Na kanuni hiyo hiyo hutumika kwa kila picha, iwe ya jangwa au ya msitu, bila kujali kilichomo.

Sasa litazame jambo hili juu ya Kilimanjaro. Mlima huu, wenye urefu wa mita 5,895, umepigwa picha pengine kuliko mlima mwingine wowote wa Afrika, na picha zake nyingi hugeuzwa hudhurungi, kwa kuwa wengi wameuzoea katika vitabu vya wasafiri wa kale. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha barafu ya kileleni ikienea kiasi cha kilomita 12 za mraba. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa imepungua kwa asilimia 85 hivi, ikabaki chini ya kilomita 2. Basi barafu ya Kilimanjaro ni kalenda. Mwenye kujua aweza kuitazama picha na kukadiria miongo yake kwa ukubwa wa ule weupe ulio juu. Mtu anayeipiga leo na kuitia hudhurungi anafanya makosa mawili kwa mkupuo mmoja. Kwanza, anaunyang'anya weupe wa barafu ule weupe wake, kwa sababu ya hesabu niliyoieleza. Barafu iliyobaki, ambayo ni kidogo na ina mipasuko na kingo kali, inafanana na mawe yenye vumbi. Pili, analeta mbele yetu mlima uliokwisha kunyauka na kuuvika tarehe ya babu zetu. Picha inasema kwa rangi yake, "Hivi ndivyo ulivyokuwa zamani." Mlima unasema kwa barafu yake, "Sikuwa hivi." Mtazamaji asiyejua ataiamini rangi, na ataondoka akidhani kuwa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni mwaka 1889, waliukuta mlima mkavu kama huu.

Weusi-na-weupe ungefanya nini mahali hapo? Punguza uzito wa buluu, ongeza nyekundu, mbingu inashuka, na mabaki ya barafu yanasimama peke yake, machache, yenye kingo, kila ufa ukionekana. Picha hiyo ingekuwa na huzuni zaidi kuliko hudhurungi yoyote, na huzuni yake ingekuwa ya kweli.

Najua nitaambiwa kuwa weusi-na-weupe nao ni vazi la zamani. Kwamba mtu wa leo akiona picha isiyo na rangi hufikiri miaka ya babu yake. Hoja hii ina nguvu kiasi, lakini haifiki mbali. Upigaji picha wa weusi-na-weupe haukukatika siku rangi ilipoingia. Umeendelea kufanywa na watu hai, kwa hoja zao, mpaka leo, na filamu zake zingali zikitengenezwa. Hautaji mwaka. Hudhurungi ya kitufe ndiyo iliyobakiwa na maana moja tu sokoni. Hata wapiga picha waliipa kisogo mapema kwa sababu inayofanana na hii. Mwaka 1932, kule San Francisco, Adams na wenzake waliunda kundi lililojiita f/64, kwa jina la tundu dogo la kamera linaloifanya picha iwe kali tangu mbele hadi nyuma. Walikuwa wakipinga mtindo wa wakati wao wa picha laini zenye rangi za joto zilizotaka kufanana na michoro. Walitaka karatasi ing'aayo na kijivu safi. Sisemi walikuwa na haki katika yote. Baadhi ya picha walizozidharau ni nzuri sana, na kundi lenyewe halikudumu. Lakini waliona sawasawa kuwa rangi ya joto ilikuwa imekwisha kuwa desturi inayomwepusha mtu na kutazama.

Kuna ushahidi mwingine unaoisaliti hudhurungi ya uongo, na ushahidi huo uko mbinguni. Vioo vya kupigia picha vya karne ya 19 vilishika nuru ya buluu kupita kiasi na nyekundu karibu havikuishika kabisa. Kwa hiyo mbingu ilitoka nyeupe tupu, na majani yakawa meusi. Gustave Le Gray wa Ufaransa, alipotaka bahari na mawingu katika picha moja, katika miaka ya 1856 na 1857, alilazimika mara nyingine kuunganisha vioo viwili, kimoja cha maji na kimoja cha mbingu. Vioo vyenye kuona rangi zote vilianza kuuzwa mwaka 1906. Basi mtu anapotuletea pwani ya hudhurungi iliyojaa mawingu yaliyochongwa vizuri, yenye kila kivuli, ametuletea karatasi ya 1880 na mbingu ya leo. Ni kama kusikia mzee wa riwaya ya zama za Sayyid Barghash akisema atapiga simu.

Nimemtaja Sayyid Barghash kwa sababu mfano ulio mzito zaidi kwetu ni wa jumba alilolijenga mwaka 1883, Beit al-Ajaib, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndilo kitovu cha mandhari ya Unguja kwa mtu anayeingia kwa bahari. Katika picha za kweli za kabla ya mwaka 1896, mnara wa saa unasimama peke yake mbele ya jumba, karibu na pwani. Mnara huo uliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na mwaka uliofuata mnara mpya ukajengwa ukiwa umeungana na uso wa jumba lenyewe. Kwa hiyo picha yenye mnara kwenye uso wa jumba, hata iwe ya hudhurungi kiasi gani, haiwezi kuwa ya kabla ya vita vile. Msomi huliona hilo. Lakini je, mtu wa kawaida, au mchapishaji anayetafuta picha ya kupamba sura ya kitabu juu ya biashara ya karafuu? Nimewahi kuona zaidi ya mara moja mandhari ya forodhani, dhahiri ya miaka ya karibuni, ikiwa imetiwa hudhurungi na kuwekwa katika kurasa zinazozungumzia zama za Barghash, na hakuna maelezo chini yake.

Kisha, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya jumba hilo ikaporomoka, mnara ukiwamo, na watu wakapoteza maisha. Tangu siku ile kila picha ya Beit al-Ajaib imebadilika hali. Ile iliyokuwa kumbukumbu ya mtalii imekuwa hati. Mtu anayetaka kujua nyufa zilianzia wapi, rangi ya mbao za roshani ilikuwaje, chokaa ilibanduka upande gani na mwaka gani, anakwenda kwenye picha hizo. Picha ya mwaka 2019 iliyohifadhiwa kwa rangi zake itamjibu. Picha ile ile ikibadilishwa vizuri kuwa ya weusi-na-weupe, bado itamjibu juu ya nyufa, na pengine kwa uwazi zaidi, maana mwenye kuihariri aweza kuzitoa kwa kuchagua uzito wa rangi. Lakini ikitiwa hudhurungi ya kitufe, chokaa nyeupe chini ya jua la saa sita itakuwa imebanwa katika ule mwangaza usio na tofauti, na juu ya hayo mwenye kuipokea hatajua aiweke katika kabati la mwaka gani.

Wengine watasema: haya yote yatibiwe kwa maelezo chini ya picha, andika mwaka, kisha fanya upendavyo. Naunga mkono kuandika mwaka. Lakini picha husafiri bila maelezo yake kama vile ubeti unavyosafiri bila jina la mtunzi, na mara nyingi kinachobaki ni rangi tu. Tena, rangi husema kabla ya maandishi. Jicho limekwisha kuamua kabla mdomo haujasoma.

Upande wa giza zaidi wa jambo hili unaonekana katika kazi ya Edward Curtis, Mmarekani aliyetoa majuzuu 20 ya picha na maelezo juu ya wenyeji wa asili wa Marekani ya Kaskazini, kati ya mwaka 1907 na 1930. Picha zake zilichapwa kwa wino wa hudhurungi wenye joto, na nyingi ni za mandhari pana: mabonde, magenge, wapanda farasi wadogo chini ya mbingu. Moja ya mwaka 1904, iliyo maarufu kuliko zote, inawaonyesha Wanavajo wakiwa juu ya farasi wakielekea gizani, na jina alilolipa lilitangaza kuwa taifa lile linatoweka. Na katika picha moja ya mwaka 1910, ya wazee wawili ndani ya hema, palikuwa na saa kati yao. Picha ilipochapwa, saa ilikuwa imefutwa. Sidai kuwa Curtis hakuwa fundi. Ufundi wake ni mkubwa, na wajukuu wa waliopigwa picha wamezipokea baadhi kama urithi. Lakini tazama jinsi hudhurungi na kufutwa kwa saa vinavyofanya kazi moja. Watu waliokuwa hai, wenye saa, walisogezwa nyuma mpaka wakawa wa zamani wakingali wanapumua. Nchi yao nayo ikaonekana kama nchi isiyo na mwenyewe wa leo.

Kwa sababu hiyo mimi huwa na wasiwasi kila nionapo mashamba yetu, madau yetu na vijiji vyetu vikigeuzwa hudhurungi na watu waliokuja kwa wiki mbili. Dau lililopigwa picha Nungwi asubuhi ya leo lina mwenyewe, na mwenyewe ana simu mfukoni na watoto shuleni. Hudhurungi inamwambia mtazamaji wa mbali kuwa mtu huyo ni masalio. Na jambo la kuhuzunisha ni kuwa vijana wetu wenyewe wameanza kuiga, wakidhani ndiyo heshima.

Wanafunzi wa fasihi watalielewa jambo hili kwa mfano ulio karibu nao zaidi. Wapo washairi ambao, wakitaka shairi lao lionekane zito, hulijaza maneno ya Kingozi. Neno la Kingozi likiwa mahali pake, pale ambapo maana yake haina neno jingine, au pale mtunzi anapojibizana na watunzi wa kale wa Pate na Lamu, huwa na nguvu ya ajabu. Likimwagwa juu ya shairi lote kama rangi, mtu hasomi tena maana. Anasoma umri, na umri wenyewe si wa kweli. Mhakiki mzuri huuliza swali moja dogo: ukiliondoa neno hili la kale ukaweka la leo, shairi linapoteza nini? Swali hilo hilo naliuliza kwa hudhurungi. Irudishe picha katika kijivu chake. Kama kilichopotea ni hisia ya uzee tu, basi hapakuwa na kitu.

Na mara chache kinachopotea ni kitu halisi. Sitaki nieleweke kuwa naipiga marufuku rangi hii. Ukungu wa asubuhi katika milima ya Usambara, pale ambapo weusi kamili haumo wala weupe kamili haumo, na picha yote imo katika viwango vya kati, waweza kufaidika na joto kidogo. Kijivu baridi hapo hufanana na majivu, ilhali joto hurudisha ile hali ya hewa yenye maji na jua linalokaribia. Hapo mhariri hahitaji kitufe. Anaanza kwa kuitengeneza picha katika kijivu mpaka kila kiwango kikae mahali pake, kisha anatia joto katika sehemu zenye mwangaza peke yake, kidogo sana, na kuviacha vivuli kama vilivyo, kama yule fundi aliyeitoa karatasi katika dawa kabla ya wakati. Programu nzuri zinaruhusu hivyo. Na mtazamaji wa picha ya namna hiyo hatasema "ya zamani", atasema "asubuhi".

Picha zilizochapwa kweli kwa salfaidi, na bado wapo wanaofanya hivyo kwa mikono yao, zina hoja yao nyingine tena, kwani rangi yao ni matokeo ya kitu kilichofanyika, na karatasi italindwa nacho. Hao siwagusi.

Kwa wengine wote, hasa wanaopiga mandhari ya nchi zetu na kuzipeleka katika vitabu na maktaba, ningewaomba mambo machache ya kazi tu. Ile picha ya asili yenye rangi zake isifutwe wala isifunikwe. Nakala ndiyo ihaririwe. Mwaka na mahali viandikwe ndani ya jalada lenyewe la picha, si katika barua iliyoambatana nayo. Na anayekusanya picha za Beit al-Ajaib zilizopigwa kabla ya Desemba 2020 asikatae nakala ya hudhurungi akiletewa, bali amuulize aliyeileta kama kamera au simu aliyoitumia bado anayo, kwa maana huenda ile ya kwanza, yenye roshani na chokaa na mbingu ya siku ile, ingali imo ndani yake.